Upande wa Ustinya

Zamani, pale Krutiki, mwenye pikipiki isiyo na susu ubavuni alichekwa kama mtu aliyetoka nje na kiatu kimoja. Leo susu zenyewe zimekuwa vyombo vya kulishia kuku, na waliokuwa wakizipanda wako makaburini au kwenye maghorofa ya mjini, jambo ambalo kwa Prokopi Ilyich halina tofauti kubwa.

Susu ndilo jina walilolipa lile beseni la chuma lenye gurudumu moja, linalofungwa upande wa kulia wa pikipiki. Anayepanda humo hukaa chini, miguu kainyoosha, turubai limemfunika hadi kifuani, na barabara inambembeleza kama mtoto mchanga. Watu wa mjini walilicheka jina hilo. Prokopi aliwajibu vilevile kila mara: "Cheka tu. Binti yangu Zoya alitoka hospitali ya uzazi ndani ya hiyo susu, mapajani kwa mama yake, amelala fofofo. Tulipofika nyumbani tukamlaza kwenye kitanda chake cha mbao, akaanza kupiga kelele. Mtoto anajua kilicho bora."

Na susu ilibeba nini? Afadhali uulize haikubeba nini. Ilibeba viazi kutoka shambani, majani makavu ya ng'ombe, kitoto cha nguruwe ndani ya gunia, vioo vya madirisha, jiko la chuma, ndoo za uyoga. Gari lina milango, na kisichopita mlangoni hubaki nje. Susu haina mlango. Mama yake Prokopi alipofariki, jeneza lililazwa juu yake, likafungwa kwa hatamu za farasi, na Prokopi akaendesha mwendo wa miguu huku wanawake wakifuata nyuma katika ule moshi, wakikohoa na kulia, hata hawakujua wanalilia moshi au wanamlilia marehemu.

Ila ina tabia yake. Ikiwa tupu, ukikata kona ya kulia, gurudumu lake huinuka hewani, na asiyejua hujikuta mtaroni. Kwa hiyo kapera aliweka gunia la mchanga ndani, na gunia hilo kijiji kizima kililiita mke wa kapera. "Mkeo kanenepa," waliambiana sokoni, wakilipiga teke gunia. Aliyeoa alilitoa gunia akaumwaga mchanga wake mbele ya nyumba, majirani waone.

Prokopi aliumwaga wake siku aliyomleta Ustinya kutoka Lipovka, ng'ambo ya mto. Ustinya alikaa ndani ya susu na cherehani yake miguuni na bata bukini mikononi. Hakuna aliyemfundisha. Kwenye kona ya kwanza ya kulia aliposikia gurudumu linataka kuinuka, alijitupa nje upande wa kulia, nusu ya mwili hewani, na bata wake, na shela yake, akaling'ang'ania chini. Kona ilipoisha akarudi kukaa, akamtengeneza bata manyoya.

"Ungeniambia mapema kama inaruka," akasema.

"Ningekwambia ungekuja?"

"Ningekuja bila bata."

Hapo ndipo Prokopi alipojua kwamba ameoa.

Miaka yote baada ya hapo hakuwahi kusema "kona." Ustinya aliijua barabara kuliko yeye. Na raha yenyewe, kwa wale wasioijua, ilikuwa hii: mke aliyepanda nyuma ya pikipiki anauona mgongo wako tu, na wewe huoni chochote, mnasafiri kama watu waliogombana. Lakini wa kwenye susu yuko ubavuni. Unageuza macho kidogo unauona uso wake, pua nyekundu kwa baridi, anacheka, anakufokea, anakunyooshea kidole palipo na uyoga. Mkono wake wa kushoto Ustinya aliuweka gotini kwa Prokopi. Majira ya baridi aliuhamishia kwenye injini, ukapata joto, kisha akaurudisha gotini.

Baina ya Krutiki na Lipovka ulikuwepo mto, na juu ya mto daraja la mbao. Kila mwaka barafu ilipopasuka ilikwenda nalo. Hakuna aliyeshangaa. Maji yalipopungua, kila ua ulitoa mbao zake na mwanamume wake, wakalijenga upya kwa siku mbili, siku ya tatu wakalewa. Daraja hilo halikuwa na sakafu nzima. Lilikuwa na njia mbili tu za mbao, moja ya kupitisha pikipiki, nyingine ya kupitisha gurudumu la susu. Nafasi ya katikati waliipima kwa fimbo iliyokatwa na wazee wao, ikawa inatundikwa kwa Prokopi mlangoni mwa banda. Mkokoteni ulipita humo, trekta dogo lilipita. Mtu akinunua chombo kisicholingana na fimbo, aliambiwa akarudishe.

Kisha shamba la ushirika likavunjwa, ng'ombe wakachinjwa, shule ikafungwa, zahanati ikahamishiwa Lipovka. Vijana waliondoka kama maji katika kikapu. Wakaja watu wenye lori wanaonunua vyuma, wakapita ua kwa ua. Mwenye kiu aliuza pikipiki ya baba yake kabla hajanawa uso. Injini zilikwenda na lori, na susu, kwa kuwa bati lake ni jembamba, zikaachiwa kuku.

"Na wewe uza, Ilyich," jirani yake Glafira alimwambia. Glafira alikuwa mjane, sauti yake ilisikika hadi mtoni. "Unaiwekea nini? Unataka kuzikwa nayo?"

"Ustya wangu ataendea nini makaburini kwa mama yake? Akupande wewe mgongoni?"

"Mgongo wangu umebeba mume mlevi miaka yote, mkeo atakuwa unyoya."

Walisema hivyo kwa sababu Ustinya hakuwa anatembea tena. Kiharusi kilimpiga akiwa anakanda unga. Kilichukua upande wa kushoto wote, mguu na mkono, na nusu ya mdomo. Upande wa kushoto: ule uliokuwa ukimwelekea Prokopi. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini kejeli zake zilibaki nyepesi kama zamani. Ndani ya nyumba alikuwa mgonjwa wa kulala karibu na jiko, anageuzwa kama mkate. Ila Prokopi akimbeba akamkalisha ndani ya susu, akamfunika turubai, alikuwa Ustinya. Mguu usiofanya kazi haukuonekana. Walikwenda makaburini, walikwenda msituni, naye alinyoosha kidole cha mkono wa kulia penye uyoga na kumtukana mumewe kwa kukanyaga. Na kwenye kona ya kulia bado aliegemea nje.

Zoya alikuja kuwaona wakati mto ungali barafu. Alikuwa na nyumba mjini, ghorofa ya tisa, mume anayeitwa Gleb na kazi isiyompa ruhusa. Hakuwa binti mbaya. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamchana mama yake nywele, kisha akamfuata baba yake bandani.

"Baba, tabibu wa Lipovka ameniambia dawa zilimwishia mama mkakaa bila."

"Kulikuwa na dhoruba."

"Sibishani. Amesema dawa zikikatika tena, atapigwa mara ya pili, na mara ya pili hataamka. Nitamchukua, baba."

"Utamweka wapi?"

"Kwangu. Pana lifti, pana maji ya moto."

"Na atatoka nje saa ngapi?"

Zoya alitazama pikipiki. "Nakuachia hadi kiangazi," akasema mwishowe. "Ukiweza kumpatia dawa zake, bila kukosa, abaki. Ukishindwa mara moja tu, baba, nakuja na gari. Usinichukie."

Prokopi akamwambia kwamba hatashindwa. Mtu anayeahidi ana mahali pa kusimama, na yeye alisimama juu ya daraja ambalo barafu ilikuwa bado haijalichukua.

Ilipasuka baada ya Pasaka, ikaenda nalo lote, zikabaki nguzo tu. Maji yalipotulia, Prokopi aliitoa fimbo bandani akaenda mtoni. Walikuja wawili: yeye na Savely, aliyekuwa dereva wa trekta, na sasa mikono yake ilitetemeka hadi apate glasi ya kwanza. Walisimama wakitazama nguzo.

"Wengine wako wapi?" Savely aliuliza, kana kwamba hajui.

"Wapigie mbinja makaburini."

Mbao zilizopatikana zilitosha njia moja. Moja tu, ya mtu kupita kwa miguu. Prokopi aliweka fimbo juu yake, ikabaki inaning'inia upande wa pili hewani. Savely akatema mate mtoni.

Nyumbani, chupa ya dawa ilikuwa imefikia mwisho. Kwenda Lipovka kwa miguu, kwa magoti yake mabovu, kulikuwa ni kwenda bila kurudi. Savely angepewa pesa za dawa angenunua dawa yake mwenyewe. Zahanati haikuwa na gari wala mtu wa kutuma. Prokopi alikaa kwenye kizingiti akaitazama pikipiki asubuhi nzima. Kisha akachukua spana.

Ustinya alikuwa amekalishwa uani apate jua. Alimwona akilala chini ya pikipiki, akasikia boliti ya kwanza ikilia kwa kutu.

"Unafanya nini?"

"Natoa susu."

Boliti ya tatu ilipotoka, Ustinya akasema: "Mzee wangu, wewe hujawahi kupanda ya magurudumu mawili."

"Baiskeli je?"

"Baiskeli ulianguka harusini kwa dada yangu."

"Nilikuwa nimelewa."

"Sasa umezeeka. Ni mamoja."

Na ilikuwa kweli. Watu wa Krutiki walijifunza juu ya magurudumu matatu na kuzeekea humo. Ya matatu haiegemei, haianguki, haihitaji mguu. Ukisimama, imesimama. Unaweza kuvuta tumbaku, kusimulia habari, hata kusinzia juu yake. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kusimama ni jambo la kufikiriwa.

Susu ilipotolewa, pikipiki ilibaki nyembamba na ya aibu, kama kondoo aliyenyolewa. Prokopi aliiegesha ukutani, akaipandisha susu juu ya magogo mawili isilale, akataka kumbeba mkewe ndani.

"Niweke humo," Ustinya akasema, akionyesha susu.

"Haiendi popote."

"Mimi naenda wapi? Niweke. Tutakungoja wote wawili."

Akamweka. Akamfunika turubai. Akampa kikombe cha chai mkono wa kulia, na Ustinya akakaa humo katikati ya ua akitazama lango, kama abiria ambaye dereva ameshuka kidogo kununua tumbaku.

Savely alimsaidia kuikokota kwenye ule ubao mmoja, huyu mbele, yule nyuma, maji yakichemka chini. Ng'ambo, Prokopi alipiga kiki, akapanda, akaondoka akiyumba, miguu yote miwili ikining'inia kama ya bata anayetaka kuruka. Kila kona aliikata polepole. Mara mbili aligeuza macho kuume, na mara mbili aliona majani ya kando ya barabara tu.

Alifika Lipovka salama. Wanawake walikuwa wamekaa mbele ya duka. Alifunga breki, pikipiki ikasimama, naye akakaa juu yake kama alivyokaa maisha yake yote. Ikaanza kulala upande wa kulia, taratibu. Bahati yake ulikuwepo ukuta wa duka. Aliukumba kwa bega, akabaki amegandia hapo kama ufagio.

"Prokopi Ilyich!" mmoja alipiga ukelele wa kicheko. "Mkeo umemmwaga wapi?"

"Ameolewa na mwingine, huoni? Amemwachia nusu ya pikipiki!"

"Mguu, Ilyich! Teremsha mguu! Hata mbwa anajua lini aweke mguu chini!"

Alicheka nao, maana asiyecheka angelia. Alichukua dawa zahanati, mzigo wa kutosha hadi kiangazi. Tabibu alimsifu. Alizifunga kwa kitambaa, akaziweka kifuani, ndani ya shati. Na njia nzima ya kurudi alijisemea kwa sauti, kama anayefundisha farasi: "Mguu, Prokopi. Ukisimama, mguu. Mguu." Alisimama mtoni, akaweka mguu. Yeye na Savely wakaivusha. Alisimama kwa Glafira kumwambia kwamba ameshinda, akaweka mguu. Glafira akasema, "Tazama, mzee kaota miguu." Zilibaki hatua chache kufika langoni kwake.

Lango lilikuwa wazi. Ndani ya ua, juu ya magogo, ilikuwepo susu, na ndani ya susu Ustinya, shela kichwani, pua nyekundu, nusu ya mdomo ikicheka. Prokopi aliingia akageuza, akaileta pikipiki pale pale ilipokuwa ikikaa siku zote, ubavuni mwake, yeye kushoto, mkewe kulia. Kati yao ilibaki nafasi ya mkono mmoja. Alizima injini. Aligeuza macho kuume akauona uso wake.

"Nimeleta," akasema, akatia mkono kifuani.

Hakuweka mguu. Kwa nini aweke? Alikuwa amefika, na susu ilikuwa upande wake.

Pikipiki ililala kuume, katika ile nafasi, na yeye chini yake. Nyonga yake ilipiga gogo. Ustinya aliusikia mfupa kabla ya kusikia ukelele. Prokopi alikuwa amelala karibu naye kiasi kwamba mtu mwenye mkono wa kushoto angemshika shati. Ustinya alijipinda, akajaribu kuuleta mkono wa kulia upande huo, haukufika. Ukapapasa chuma, ukarudi.

"Mzee wangu. Mzee wangu, ondoka hapo."

"Dawa haijavunjika," Prokopi alisema akiwa chini. "Tazama. Hata moja."

Ustinya alichukua kikombe cha bati akaanza kuigonga susu, akaigonga na kuigonga mpaka Glafira akaja mbio na mikono ina unga. Glafira alitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Aliinua pikipiki peke yake, mwanamke wa umri ule, kisha akaketi chini akalia.

Jioni ile Ustinya alikunywa dawa yake kwa wakati. Glafira alimnywesha.

Savely alikwenda Lipovka kupiga simu, na safari hii hakunywa njiani. Zoya na Gleb walifika kesho yake, wakaacha gari ng'ambo. Prokopi alikuwa amelazwa kwenye benchi chini ya dirisha, mguu umefungwa kwa mbao mbili za daraja.

"Nimeileta, Zoya," alisema kabla hajasalimiwa. "Muulize mama yako. Sikukosa."

"Najua, baba. Nimeiona." Alipiga magoti, akamshika mkono. "Lakini nani atamgeuza kitandani? Nani atamwekea chai? Wewe?"

Prokopi alimtazama Glafira. Glafira akaangalia sakafu; alikuwa na sabini na kitu na mgongo ulioinua pikipiki.

Walipanga haraka, maana mawingu yalikuwa yamekusanyika na barabara ya udongo haimngoji mtu. Ustinya angetangulia na gari. Prokopi angefuatwa na gari la wagonjwa. Gleb alitaka kung'oa mlango wa banda wambebee juu yake.

"Sitoki hapa kwa mlango kama maiti," Ustinya alisema. "Nipeni susu yangu."

Gleb alimtazama Zoya. Savely ndiye aliyeelewa. Alileta miti miwili mirefu, akaipitisha chini ya susu, akaifunga kwa kamba. Wakaita wanaume wawili wa Lipovka, wakawa wanne. Kabla ya kumtoa, walimleta Ustinya karibu na benchi.

"Usiegemee sana, Ustya," Prokopi alimwambia. "Hawa si gurudumu. Watakumwaga."

"Na wewe, mzee wangu," akasema kwa ule mdomo wa nusu. "Mguu. Ukisimama, mguu."

Ghorofa ya tisa ilikuwa na lifti na maji ya moto, kama Zoya alivyosema. Ustinya alikunywa dawa bila kukosa, akafa kabla ya theluji ya kwanza, akitazama dirisha. Nyonga ya Prokopi iliunga vibaya, na kutoka hospitali alipelekwa nyumba ya wazee ya wilaya, ambako hakuna anayetaka kusikia habari za susu. Ile yao iliachwa ukingoni upande wa Lipovka, na mtu akaichukua. Kwa kuku, bila shaka. Fimbo sijui kama ipo. Huenda Glafira aliitia jikoni.

Lakini siku ile, kutoka benchi lake chini ya dirisha, Prokopi aliona njia yote hadi mtoni. Aliwaona wale wanne wakiinua miti mabegani, na susu ikipanda juu kuliko ilivyowahi kukaa, na ndani yake shela ya Ustinya. Walipita kwa Glafira, wakapita pale shule ilipokuwa. Ikaja ile kona ya kulia inayoteremka kwenye daraja. Ustinya akajitupa nje upande wa kulia, nusu ya mwili hewani, mkono wake mzima ukiwa umeishika susu. Wabebaji wakayumba, Gleb akapiga kelele. Kona ilipoisha akarudi kukaa. Kisha wakateremka, wakaingia nyuma ya vichaka vya mtoni, kwanza wanaume, halafu susu, halafu shela. Na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuwaona.